Mshono wa Tabaka la Kumi na Tisa

Watu wakisikia kwamba nilijenga lile bwawa, huniuliza niliendesha mtambo gani. Nikiwaambia nilikuwa nafagia, nyuso zinabadilika. Wenye adabu husema, "Hongera, kazi ni kazi," kisha wanamgeukia mume wangu, aliyekuwa dereva wa lori la maji, wamuulize yeye habari za bwawa. Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi nawaacha wamalize habari za malori, halafu nawaeleza yangu, wapende wasipende.

Ukuta wa bwawa haumwagwi kwa mara moja. Zege linakwenda tabaka kwa tabaka, kila moja mita moja na nusu, linaachwa ligande siku kadhaa, ndipo linamwagwa jingine juu yake. Pale tabaka linapokutana na tabaka sisi tulipaita mshono. Sasa, zege likianza kukauka, maji hupanda juu na kuacha utando mweupe, laini, kama ule unaokaa juu ya uji uliopoa. Ukimwaga zege jipya juu ya utando huo, matabaka hayashikani, yanalaliana tu. Halafu siku mto mzima ukija kuuegemea ukuta, maji yatapita hapo hapo.

Kazi yetu ilikuwa kuutoa huo utando. Tulikuwa wanawake kumi na wawili, na mimi ndiye kiongozi wao. Tulipiga uso wa tabaka kwa mpira wa maji ya kasi mpaka kokoto zitokeze vichwa, tukafagia, tukaosha, kisha tukapiga magoti na sponji kunyonya kila kidimbwi, maana uso unatakiwa uwe na unyevunyevu lakini maji yasisimame. Ungetukuta pale, wanawake kumi na wawili tumeinama juu ya ukuta ambao ukichungulia chini unaona malori kama viatu, ungedhani mmoja wetu ameangusha pete. Mwisho natia saini kwenye kadi. Bila saini yangu hakuna zege. Mkandarasi alikuwa na mitambo ya kila namna, na yote ilisimama ikisubiri kalamu yangu. Walinibandika jina la Mama Sponji, wakidhani nitachukia. Mimi nikaliandika kwenye kofia yangu kwa rangi.

Mama mkwe wangu, ambaye tulikaa naye kwenye nyumba za kambi, alinipandisha bei kuliko nilivyojipandisha mwenyewe. Kila jirani mpya aliambiwa, "Huyu mkwe wangu ndiye mwenye bwawa. Akikataa, hamna kitu." Nikimwambia, "Mama, punguza," ananijibu kwamba hajasema uongo hata chembe.

Aliyenichukia waziwazi ni nyapara wa zege. Tulimwita Twende-Twende kwa sababu hakuwa na neno jingine mdomoni. Alikuwa mchapakazi, hilo simnyimi, ila kwake kila dakika ambayo zege halimwagiki ilikuwa kama ameibiwa. Siku ya kumwaga tabaka la ishirini juu ya la kumi na tisa, ndoo kubwa ya zege ikiwa tayari inaning'inia kwenye kreni juu ya vichwa vyetu, nikaona doa. Mashine fulani ilikuwa imevuja mafuta, doa kubwa kama sinia. Nikakataa kusaini.

"Mama, hilo doa ni dogo," akasema.

"Na wewe umesimama juu yake. Sogea tulitoe."

"Zege linagandia kwenye ndoo."

"Basi likamwagwe kwingine. Hapa halitui."

Tulichukua karibu saa mbili kuchimbua lile doa kwa patasi mpaka tukafika kwenye zege safi, tukaosha upya, tukakausha upya. Zege lililokuwa kwenye ndoo likatupwa. Twende-Twende alinitukana mara tatu, kisha akanishtaki mpaka juu, nikaitwa, nikajieleza, nikarudi kazini na kichwa kimenivimba. Nasema ukweli: kwa wiki nzima nilitembea pale ukutani kama mke wa mfalme.

Sasa nimtaje shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, kwa kuwa bila yeye hakuna hadithi. Yeye alikuwa mchorongaji. Wachorongaji wanatoboa ukuta uliokwishagandamana kwa bomba lenye meno ya almasi, na ndani ya bomba linatoka gogo la zege, la mviringo, nene kama paja la mtu. Gogo hilo ndilo linaloonyesha ukuta uko vipi ndani. Shemeji alijisifu kwamba shimo lake halipindi hata nusu inchi, na watu wakamwita Nusu Inchi. Alikaa nasi, alikula kwetu, na utani wake nami haukuwa na likizo. "Mimi na mwamba, wewe na ufagio," ndiyo ilikuwa salamu yake ya asubuhi. Nami nilimjibu kwamba asiponawa mikono vizuri ataenda kula na huo mwamba wake.

Tulipofika tabaka la ishirini na mbili, Mhandisi Mkuu aliagiza ukuta utobolewe upande wetu ili mishono ikaguliwe. Mhandisi alikuwa mama mmoja mfupi, mpole wa sauti, na upole huo uliwatetemesha wanaume wenye shingo nene. Shemeji ndiye aliyetoboa. Gogo likatolewa, likapangwa kwenye masanduku ya mbao, likapakiwa kwenye gari na kupelekwa kwenye banda la sampuli.

Siku iliyofuata niliitwa ofisini. Chumba kilikuwa kidogo, meza moja, feni inayolalamika, na ramani za ukuta zimebandikwa kila mahali mpaka nyuma ya mlango. Twende-Twende alikuwa amekaa tayari, na alivyokaa vizuri hivyo nikajua habari si njema kwangu.

"Gogo limekatika," Mhandisi akasema. "Mita nne na nusu kutoka juu. Unajua hapo ni wapi?"

Nilijua bila kuhesabu. Matabaka matatu kushuka chini. Mshono wa tabaka la kumi na tisa.

"Na pale lilipokatika pamejaa unga mweupe," akaendelea. "Kipande hiki na kipande hiki, vyote. Unaonekana kama ule utando."

Twende-Twende akakohoa. "Saa mbili tulikusubiri siku ile, mama. Saa mbili za usafi. Huo usafi ndio huu?"

Mhandisi akaeleza kilichopo: kama mshono ule haukushika, matabaka matatu yote ya juu yatavunjwa, kazi ya wiki nzima na zaidi, na kikosi changu kitaondolewa ukutani kwa sababu hakiaminiki tena. Akasema ataamua baada ya siku mbili, akishapitia karatasi zote. Wenzangu kumi na mmoja walikuwa nje wananisubiri. Nilipowaambia, hakuna aliyelia. Mmoja alisema tu, "Lakini tulilifagia, dada," nami nikamjibu kwamba najua. Ukweli ni kwamba sikujua tena. Niliirudia siku ile kichwani mwangu, kona kwa kona. Labda kulikuwa na kona. Labda nilivyokuwa nimevimba kwa ajili ya lile doa, nikasahau kwingine.

Jioni hiyo, wakati wa kula, mama mkwe alisonya mpaka chakula kikapoa. "Hao hawajui kusoma gogo," akasema. Mume wangu alinisogezea sahani, yeye huruma yake huwa haina maneno. Shemeji alikula ameinamia sahani. Hakunitania. Nikamtupia hata utani mwepesi, nikamwambia sasa ufagio umevunjika, abaki na mwamba wake peke yake. Akainuka, akasema ameshiba. Sahani yake ilikuwa nusu.

Namfahamu shemeji yangu. Amewahi kula akiwa na homa, amewahi kula msibani akamaliza cha mwenzake. Nilikaa pale nikiitazama sahani, na wazo likaanza kunitafuna.

Asubuhi, kabla ya zamu, nilikwenda kwenye banda la sampuli. Lilikuwa banda refu la mabati lenye rafu mpaka juu, na kila rafu masanduku, na kila sanduku vipande vya ukuta wetu vimelazwa kwa mpangilio. Mlinzi wa banda alinifungulia na kunivutia lile sanduku. Nikavinyanyua vile vipande viwili, kimoja kimoja, mgongo ukinilaani.

Unga ulikuwepo kweli. Lakini nilipoupangusa kwa sponji yenye maji, chini yake sikuona utando. Niliona zege lililosagika. Vipande vilikuwa vimesuguana ndani ya sanduku njia nzima kutoka ukutani, na ile barabara ya mawe kila mtu aliyeipita anaijua. Unga ule ulikuwa wa safari. Halafu nikapitisha kidole kwenye ukingo, nikakuta pengo dogo, limemeguka kwa nje kwenda ndani. Zege halimeguki hivyo lenyewe. Hapo nyundo ilipita.

Ni lazima nieleze jambo moja la wachorongaji. Sanduku lao lina urefu wa mita moja, na gogo mara nyingi linatoka refu zaidi ya hapo. Kwa hiyo wanalivunja wenyewe kwa nyundo ili liingie. Hiyo ni kawaida, hakuna kosa. Sheria yao ni moja: ukivunja kwa mkono wako, unapaka alama ya rangi ya njano pande zote mbili, ili msomaji ajue ni wewe, si ukuta. Vipande vingine kwenye masanduku vilikuwa na njano yao, hivi viwili havikuwa nayo hata tone.

Nilimkuta shemeji anapaka grisi kwenye mashine yake. Sikumpigia kelele. Na njiani nilikuwa nimejiandaa kumrarua.

"Shemeji, ulivunja wewe?"

Aliendelea kupaka grisi mahali palipokwisha kupakwa.

"Shemeji."

"Nilivunja," akasema. "Pigo la mwisho, likaangukia penye mshono. Mkebe wa rangi ulikuwa umesharudishwa kwenye gari. Nikasema nitapaka nikitoka kula. Nikasahau. Niliporudi gari lilikuwa limeshaondoka na masanduku."

"Na jana ukiniona nimekaa na aibu yangu mezani, ulikuwa umesahau bado?"

"Wananipandisha mwezi ujao, shemeji. Msimamizi wa mashine zote za upande huu. Mchorongaji asiyepaka alama hatakiwi hata kubeba bomba. Nikajiambia labda watapuuza. Labda watatoboa tena wenyewe."

"Walikuwa wavunje matabaka matatu. Wanawake kumi na wawili walikuwa waondoke na jina la uchafu."

"Najua."

"Mimi sisemi," nikamwambia. "Nikisema mimi, ni mwizi anayemtaja mwizi. Utasema wewe, kwa mdomo wako, leo. Usiposema, ukija nyumbani utakuta nimekuwekea chakula, na nitakutazama ukikila. Kila siku."

Nadhani kilichomshinda ni hicho cha mwisho. Saa tatu alikuwa mbele ya Mhandisi, kofia mkononi, mimi na Twende-Twende tukisikiliza, na alisema yote bila kujipunguzia. Nilijivunia yeye pale, ingawa bado nilikuwa na hamu ya kumchapa.

Mhandisi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaninyooshea kidole na kumuuliza, "Huyu ni nani yako?"

"Shemeji yangu. Mke wa kaka."

"Unakaa wapi?"

"Kwao."

Twende-Twende akacheka puani. "Anakula kwao, anawasemea wao."

"Nakusikia," Mhandisi akamwambia shemeji, "na inawezekana ni kweli. Ila siwezi kuweka mto mzima nyuma ya neno la shemeji. Tutatoboa tena, hatua moja kutoka pale pale. Atatoboa mtu mwingine. Tutatumia bomba refu, na gogo halitavunjwa na mtu yeyote, litatoka lilivyo. Likikatika kwenye mshono, tunavunja matabaka, na mama huyu na kikosi chake wanashuka. Kuna mwenye neno?"

Nilikuwa nalo. Nilisema, "Toboeni mbele ya wenzangu wote." Akakubali.

Walimleta mchorongaji kutoka ng'ambo ya pili ya mto, mtu asiyetujua, ambaye hata salamu yetu aliipokea kwa tahadhari. Kazi ilianza kesho yake saa mbili asubuhi. Tulisimama kwa mstari, kumi na wawili, na gambuti zetu na kofia zetu. Jua lilikuwa kali, ukuta ukirudisha joto lote usoni. Chini kabisa mto ulikuwa unapita kwenye handaki la kuuchepusha, na kutoka pale juu ulionekana mdogo, mnyonge, kama haujui tunachouandalia. Mashine ilinguruma. Maji ya kijivu yalitoka kwenye shimo. Mwenzangu mmoja alinishika mkono, nikaona aibu, kisha nikamshika na wa kwake.

Sijawahi kuogopa vile. Kuzaa niliogopa kidogo kuliko pale. Nilikuwa najua alama ya nyundo niliiona. Lakini kama kulikuwa na kona niliyoisahau, ilikuwa inapanda juu ndani ya bomba lile.

Mashine ikazimwa. Wakalivuta bomba taratibu, wakalilaza juu ya mbao, wakaligonga kwa nyundo ya mpira, na wanaume sita wakalisukuma gogo nje. Likatoka. Likaendelea kutoka. Likawa refu kuliko mtu, likawa refu kuliko watu watatu waliolala kichwa kwa miguu, kijivu, linang'aa kwa maji, kokoto zake zimekatwa laini kama vipande vya sabuni. Lilitoka zima. Halikuwa na ufa wa kuingiza hata unywele.

Twende-Twende alivua kofia yake, akajikuna kichwa, akalizunguka gogo mara mbili upande huu na upande ule akitafuta pa kulaumu. Mwishowe akasimama mbele yangu.

"Mama," akasema, na hakusema twende. "Siku ile nilikutukana."

"Mara tatu."

"Mara tatu. Naomba radhi."

"Nimekusamehe moja. Mbili bado."

Akacheka, na mimi nikacheka, na ndipo machozi yalipotoka, mengi, ya fedheha kabisa mbele ya watu. Sikuyafuta. Shemeji alikuwa amesimama mbali, nyuma ya mashine ambayo si yake tena. Mhandisi alikuwa ameshamweleza: cheo hakipo, na kwa miezi mitatu ataosha masanduku ya sampuli. Alinipungia mkono kidogo. Nikamwita aje karibu, maana hata yeye alilichangia gogo lile, kwa kusema.

Mhandisi alikuwa amepiga magoti kando ya gogo na tepu yake. Alipima kutoka juu, akapima tena, akaweka kidole gumba chake hapa na cha shahada pale.

"Njoo," akaniambia. "Nataka kuandika kwenye karatasi yangu mshono ulipo. Tepu inaniambia uko kati ya vidole hivi viwili. Nionyeshe."

Nikapiga magoti. Nilichovya sponji kwenye ndoo, nikalowesha gogo, nikapangusa. Nilitazama kwa karibu mpaka pua ikagusa zege. Nilijua rangi ya kila tabaka, nilijua kokoto tulizozisugua moja moja. Nikapitisha kidole kwenda juu, nikakirudisha chini, nikafumba macho nikapapasa tena. Palikuwa ni jiwe tu, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Siuoni, Mhandisi."

"Hata mimi," akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Miaka ishirini na sita nakagua kuta, na sasa hivi nimepima mara tano. Siuoni."

Nikawaita wenzangu. Wakaja wote kumi na mmoja, wakapiga magoti pande zote mbili za gogo, kila mmoja na sponji yake, na mmoja anasema uko hapa, mwingine anamwambia huo ni uchafu wa kucha zako. Twende-Twende akatuambia ndoo ya zege inasubiri, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Tukaendelea kuutafuta mshono wetu, na hakuna aliyeupata.